i386, amd64 au arm64: toleo lipi la mfumo linaifaa mashine yako?

Mtu anayekwenda kupakua mfumo endeshi hukutana na majina kabla hajauona mfumo wenyewe. Kwenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ataona amd64, arm64, armhf na, katika matoleo ya nyuma, i386. Kwenye Windows ataona x86, x64 na ARM64. Hapo ndipo wengi wanapokosea, tena kwa nia njema. Mwenye laptopu ya Intel anaiona amd64, anajiambia hiyo ni ya watu wa AMD, anachukua i386 kwa kuwa ile i inamkumbusha Intel. Mfumo unakubali, kompyuta inawaka, na hakuna anayemwambia kwamba ameiminya mashine yake na kuiingiza kwenye njia ambayo watengenezaji wameshaanza kuifunga.

Tuliondoe hilo kwanza. AMD ndio waliopanua usanifu wa zamani wa Intel, yaani mpangilio wa maelekezo ambayo prosesa inayaelewa, kutoka biti 32 hadi biti 64, wakatoa prosesa ya kwanza ya namna hiyo, Opteron, Aprili 2003, kisha Athlon 64 Septemba mwaka huohuo. Intel wakaufuata usanifu huo mwaka 2004. Ndiyo maana Debian na Ubuntu hadi leo wanauita amd64 hata kama ndani ya mashine kuna Core i5. Kwa hiyo amd64, x86-64 na x64 ni kitu kimoja. Katika orodha hizi, i386 na x86 ni toleo la biti 32 la familia ileile, na jina linatokana na prosesa ya Intel 80386 ya mwaka 1985. Ukikutana na ia64 kwenye hifadhi za zamani, ipite. Ni ya Itanium, prosesa za seva ambazo Intel walishaachana nazo. Halafu arm64 ni ukoo mwingine kabisa, wa prosesa za simu, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) na Mac mpya, na armhf ni toleo la biti 32 la ukoo huo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninaelekea wapi. Kama prosesa yako inaweza amd64, sakinisha amd64, hata kama RAM ni ndogo. Watu hubishana juu ya kasi na kumbukumbu, na mabishano hayo yana ukweli ndani yake, lakini swali lenye uzito zaidi ni nani atakayekuletea viraka vya usalama mwaka ujao. Biti 32 imebakiwa na kazi chache halali, na nitazitaja kwa haki yake.

Soma prosesa, usisome umri wa mashine

Ukinunua mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, muuzaji atakutajia mwaka, ukubwa wa diski na RAM. Jina kamili la prosesa ni nadra alitaje, ilhali ndilo linaloamua kila kitu hapa.

Chukua ThinkPad T60 ya mwaka 2006, mashine ngumu ambayo bado inaonekana mikononi mwa watu. Kwa nje zote ni moja: nyeusi, kitufe chekundu katikati ya kibodi, betri iliyochoka. Lakini kuna T60 yenye Core Duo T2400 na kuna T60 yenye Core 2 Duo T7200. Ya kwanza ni ya biti 32 tu, haitakubali amd64 kwa namna yoyote. Ya pili ni ya biti 64. Tofauti kwenye kibandiko ni ile 2 kati ya Core na Duo, na vibandiko hubanduka. Hali ni hiyohiyo kwa zile laptopu ndogo za inchi 10 zilizojaa sokoni kuanzia 2008: zenye Atom N270 ni za biti 32, zenye Atom N450 iliyotoka 2010 ni za biti 64. Kwa upande wa deskitopu mambo ni mepesi. Yenye Core 2 Duo au chochote kilichokuja baada yake haina haja ya kukutia wasiwasi.

Kujua kwa uhakika hakuhitaji fundi. Kwenye Windows fungua Settings, ingia System, kisha About, usome mstari wa System type. Ukikuta maneno "32-bit operating system, x64-based processor", umepata habari njema: mfumo uliomo ni wa biti 32 lakini prosesa ni ya biti 64, hivyo unaweza kuhama. Ukikuta x86-based processor, prosesa yenyewe ndiyo ukomo. Kwenye Linux fungua terminali uandike `lscpu` na uangalie mstari wa CPU op-mode(s). Ukiona 32-bit, 64-bit, prosesa inaziweza zote mbili. Usitegemee `uname -m` peke yake, kwa sababu amri hiyo hueleza kiini cha mfumo (kernel) kinachotumika sasa, haielezi uwezo wa prosesa.

Ukaguzi huu ufanye kabla ya kupakua, hasa kama unanunua bando. Faili la Ubuntu 24.04 ya deskitopu linakaribia GB 6. Kisakinishi kidogo cha Debian, kile cha netinst, kiko chini ya GB 1, lakini nacho kitavuta vifurushi vingine vya programu wakati wa kusakinisha. Ukikosea usanifu, mashine itakuambia waziwazi. Ukiwasha kompyuta ya biti 32 kwa flashi yenye mfumo wa amd64, utakutana na skrini nyeusi yenye maandishi haya: "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU." Hakuna kilichoharibika. Toa flashi, zima, utafute toleo sahihi.

Kuna mtego mmoja ambao `lscpu` haiuonyeshi. Tableti na laptopu ndogo zenye Atom za kizazi cha Bay Trail, mfano Z3735F, zina prosesa ya biti 64 lakini UEFI yake, yaani ile programu inayoiamsha mashine kabla mfumo haujaanza, ni ya biti 32. Kiwandani nyingi ziliwekewa Windows ya biti 32 kwa sababu hiyo. Windows ya biti 64 haitaanza kwa UEFI ya biti 32. Linux inaweza, mradi kisakinishi kiwe na faili la kuanzishia la biti 32, linaloitwa bootia32.efi. Usiihukumu mashine ya aina hiyo kuwa mbovu kwa sababu tu flashi haikuonekana kwenye orodha ya kuanzishia.

RAM: hesabu inayotajwa na wote, na ile inayosahaulika

Hesabu ya kwanza ni maarufu. Biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296, yaani GB 4 za kumbukumbu. Windows ya biti 32 ya kawaida inakomea hapo, na hata hizo hazitumiki zote, kwa kuwa kadi ya picha na vifaa vingine hudai sehemu yao ya anwani hizohizo. Ndiyo maana unakuta mstari unaosema GB 4 zimewekwa lakini zinazotumika ni 3 na ushei. Mtu amenunua RAM, fundi ameiweka, na sehemu yake imekaa bure. Kuhamia x64 kunairudisha.

Linux ya biti 32 ina njia ya kuzunguka, PAE, inayowezesha kiini kufikia hadi GB 64. Wapo wanaoitumia kama hoja ya kubaki i386 kwenye mashine ya GB 8. Hoja hiyo haisimami. PAE inapanua kumbukumbu ya mashine nzima, haipanui ya programu moja moja. Kila programu inabaki na GB 3 kwa kawaida. Na kama una prosesa inayoweza biti 64, unajitwisha mzigo wa PAE kwa faida gani?

Hesabu ya pili ndiyo inayosahaulika. Kwenye biti 64, kila kiashiria, yaani kila anwani ambayo programu inaiandika ili ikumbuke kitu kipo wapi, kinachukua baiti 8 badala ya 4. Kivinjari kimejaa viashiria. Kwa hiyo ukurasa uleule, ukifunguliwa kwenye toleo la biti 64, unakula kumbukumbu zaidi. Si mara mbili, kwa sababu maandishi na picha havibadiliki ukubwa, lakini kwenye mashine ya GB 1 au GB 2 utaihisi. Microsoft wenyewe walilikiri hilo walipopanga mahitaji ya Windows 10: GB 1 kwa biti 32, GB 2 kwa biti 64.

Upande wa pili wa mizani, amd64 iliipa prosesa rejesta (vijisanduku vya ndani vya kushikia namba inazofanyia kazi) 16 za matumizi ya jumla badala ya 8, na inahakikisha kila mashine ina SSE2, maelekezo ya kukokotoa namba kadhaa kwa mkupuo. Kubana faili, kusimba data, kugeuza video, kazi hizi zinafaidika. Mtu anayeandika barua kwenye LibreOffice hataona tofauti ya kasi, na sitamdanganya kwamba ataiona.

Nirudi kidogo kwenye ile T60 yenye Core 2 Duo, kwa sababu inaonyesha jinsi kanuni za jumla zinavyoweza kukuyumbisha. Ukiiwekea RAM ya GB 4 na mfumo wa amd64, itaona takribani GB 3 tu. Chipu zake za ubao mama, Intel 945, haziwezi kufikia zaidi ya hapo. Kwa mashine hiyo biti 64 hazikuletei kumbukumbu hata kidogo. Mimi bado ningeiwekea amd64, na sababu ni hii inayofuata.

Milango ya biti 32 inavyofungwa

Google Chrome ya Linux iliacha biti 32 mwezi Machi 2016. Ubuntu ikaacha kutoa diski ya deskitopu ya i386 kuanzia toleo la 17.10, Oktoba 2017. Linux Mint 19.3 ilikuwa ya mwisho katika msururu wake mkuu kuwa na biti 32, na usaidizi wake ulikwisha Aprili 2023. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, haina toleo la biti 32 kabisa. Windows 10, ambayo ndiyo Windows ya mwisho kuwa nalo, ilifikia mwisho wa usaidizi wa kawaida Oktoba 14, 2025.

Kwa muda mrefu tulikuwa tukijibu: basi ipo Debian. Jibu hilo limebadilika. Debian 13, iliyotoka Agosti 9, 2025, haina kisakinishi cha i386 wala kiini chake. Vifurushi vya i386 vimebakizwa kwa kazi moja tu, kuendesha programu za zamani ndani ya mashine ya amd64. Maelezo ya toleo yanawaambia wazi wenye mashine za i386 wasipande kwenda 13. Wasakinishe upya kwa amd64 kama inawezekana, au waistaafishe mashine. Debian 12 ndiyo ya mwisho kwao. Usaidizi wake wa kawaida ulipangwa kudumu hadi Juni 2026, kisha hukabidhiwa kikundi cha LTS, yaani cha usaidizi wa muda mrefu, ambacho huchagua usanifu wa kuendelea nao. Hata Debian 12 ina masharti: inataka i686 kamili, kizazi cha baadaye cha prosesa za biti 32, kwa hiyo vile vikompyuta vya kijani vya XO-1, vilivyofika pia kwenye shule za Rwanda, vimebaki nje kwa sababu prosesa yake ya AMD Geode inakosa agizo moja linalohitajika.

Kisha kukaja pigo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mozilla waliacha Firefox ya Linux ya biti 32 kuanzia toleo la 145, Novemba 2025. Toleo la 144 ndilo lililokuwa la mwisho, na ile ya ESR 140, toleo la usaidizi wa muda mrefu, iliachwa iendelee kupata viraka kwa muda tu. Kivinjari ndicho kinachokutana na dunia: benki, matokeo ya mitihani, huduma za serikali, barua pepe. Mfumo ukiwa mzima na kivinjari kikawa kimezeeka, mashine hiyo haifai tena kuingizwa nywila ya mtu.

Kuna na suala la saa. Mifumo mingi ya biti 32 huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu mwaka 1970, ndani ya namba ya biti 32. Namba hiyo itajaa Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Debian walibadilisha hesabu hiyo kuwa ya biti 64 kwenye armhf, lakini i386 waliiacha kama ilivyo kwa makusudi, ili programu za zamani zisivunjike. Mwaka 2038 unaonekana mbali kwa laptopu. Kwa mashine iliyofungwa kwenye mtambo wa kiwanda au lango la kuegesha magari, si mbali.

Prosesa ya biti 64, RAM ya GB 2

Hili ndilo swali gumu, na ndilo linalowakabili wenye maabara za shule, vituo vya jamii na vyumba vya kuchapia. Prosesa inaruhusu amd64, kumbukumbu inanong'ona i386. Kwa miaka mingi ushauri wa kawaida ulikuwa kuchukua i386 chini ya GB 2, na wakati ule ulikuwa ushauri mzuri.

Siku hizi ningeweka amd64 yenye deskitopu nyepesi (yaani mpangilio wa madirisha na menyu), Xfce au LXQt, badala ya GNOME iliyo nzito. Debian inakuruhusu kuichagua wakati wa kusakinisha. Kisha ningewasha zram, inayobana kurasa za kumbukumbu zisizotumika sana ndani ya RAM yenyewe badala ya kuzitupa kwenye diski. Kwenye Debian kifurushi kinaitwa zram-tools. Hatua hiyo peke yake inarudisha sehemu kubwa ya kile ambacho viashiria vya baiti 8 vilikichukua. Kama kuna senti ya kutumia, inunue RAM ya pili kabla ya kitu kingine chochote, na baada ya hapo SSD. Kipande cha DDR2 au DDR3 cha mtumba ni suluhisho linalodumu kuliko kuhama usanifu.

Kwa maabara yenye mashine mchanganyiko ningekwenda mbali zaidi: mashine zote zinazoweza amd64 zipewe toleo moja, Debian 13, hata zile dhaifu. Anayezitunza awe na mfumo mmoja wa kusasisha, aina moja ya vifurushi vya kupakua, tatizo moja la kulitafutia jibu. Zile chache zisizoweza zibaki na Debian 12 ya i386 zikiwa nje ya intaneti, zifundishie kuchapa, lahajedwali na programu ya kwanza ya Python. Flashi moja iliyowekewa Ventoy inabeba mafaili ya visakinishi vyote viwili na kukuuliza uanzishe kipi.

Pale biti 32 inapostahili kubaki

Tatizo la kweli la kuhama Windows kutoka x86 kwenda x64 limo kwenye draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Programu za kawaida za biti 32 zinaendelea kufanya kazi ndani ya Windows ya biti 64. Ndiyo maana ya lile folda la Program Files (x86). Draiva haziko hivyo. Kiini cha biti 64 kinataka draiva ya biti 64, tena iliyotiwa saini. Kifaa kama mtengenezaji wake aliishia kwenye draiva ya Windows XP ya biti 32, hakina pa kwenda: skana ya zamani, kisoma alama za vidole cha mahudhurio, mizani ya duka, kipimo cha maabara kilichogharimu kuliko kompyuta yenyewe.

Programu za biti 16 nazo zinakufa hapo. Windows ya biti 64 haiziendeshi kabisa, na bado kuna ofisi zenye programu ya hesabu ya enzi za DOS yenye rekodi za miaka yote. Lakini ofisi nzima haina haja ya kubaki biti 32 kwa ajili ya programu moja. Sakinisha mfumo wa biti 64 kwenye mashine yenye RAM ya kutosha, kisha weka ile Windows ya zamani ndani ya VirtualBox, programu inayounda mashine pepe ndani ya kompyuta yako, ikiwa imekatwa mtandao. Kwa programu ya DOS tupu, DOSBox, inayoiga kompyuta ya DOS, mara nyingi inatosha. Kwa kifaa chenye draiva ngumu, tenga kompyuta moja iwe mtumishi wa kifaa hicho tu, isiguse barua pepe wala benki.

Kwenye Linux hofu hii ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa draiva nyingi zina msimbo ulio wazi na hukusanywa upya kwa kila usanifu. Printa za HP LaserJet 1018 na 1020, zinazopatikana kila kichochoro, zinafanya kazi kwenye amd64 kwa draiva ya wazi iitwayo foo2zjs. Programu ya biti 32 iliyofungwa unaikaribisha kwa `dpkg --add-architecture i386` na kusakinisha maktaba zake.

Kwa kuangalia haraka, ningepanga hivi:

| Mashine | Toleo ambalo ningeweka |
|---|---|
| Core Duo ya 2006, Atom N270 | Debian 12 i386, nje ya mtandao |
| Core 2 Duo, RAM GB 2 | Debian 13 amd64, Xfce au LXQt, zram |
| Core i3 au i5 ya zamani, RAM GB 4 au zaidi | amd64 yoyote inayosaidiwa |
| Core ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye TPM 2.0 (chipu ya usalama) | Windows 11 x64 au Linux amd64 |
| Raspberry Pi 1, Zero ya kwanza | Raspberry Pi OS ya biti 32 |
| Raspberry Pi 3, 4, 5 | Raspberry Pi OS ya biti 64 |

amd64 nayo ina ngazi

Mwenye Core i5 ya mwaka 2011 anaweza kudhani amefika salama, kisha akajaribu Red Hat Enterprise Linux (RHEL) 10 ikakataa. Sababu ni kwamba siku hizi amd64 imegawanywa kwa ngazi. Ya kwanza ni ile ya 2003. x86-64-v2 inadai maelekezo kama SSE4.2, na ndiyo sharti la RHEL 9. x86-64-v3 inadai AVX2, iliyokuja na prosesa za Intel Haswell mwaka 2013, na ndiyo sharti la RHEL 10. AlmaLinux 10 wametoa pia toleo la v2 kwa ajili ya mashine za nyuma. Windows 11 nayo, kuanzia toleo la 24H2, haiwaki kabisa kwenye prosesa isiyo na SSE4.2, hata ukitumia zile njia za kuruka ukaguzi wa kisakinishi. Hivyo mwenye Core 2 Duo asipoteze bando lake huko. Debian imebaki kwenye ngazi ya kwanza, na hiyo ni sababu mojawapo ninaipendekeza kwa mtumba.

Upande wa ARM

Raspberry Pi OS ya biti 64 ilitoka rasmi Februari 2, 2022. Pi 1 na Zero ya kwanza zina ARMv6, kizazi cha zamani cha ARM, hivyo ni biti 32 tu, na armhf ya Debian yenyewe haiwafai kwa kuwa inataka ARMv7. Watumie toleo la Raspberry Pi OS lililokusanywa kwa ajili yao. Kuanzia Pi 3 prosesa ni ya biti 64. Zero 2 W inakutia njiapanda: prosesa ya biti 64, RAM ya MB 512. Hapo, tofauti na nilivyosema juu ya GB 2, ningechukua biti 32 kwa kazi ndogo za vihisi na taa, kwa sababu upande wa Raspberry Pi biti 32 bado inapata masasisho. Kwa Pi 4 ya GB 8, biti 32 ingeona kumbukumbu yote lakini kila programu ingekomea GB 3, chukua arm64.

Tahadhari moja: tangu 2023, Raspberry Pi OS ya biti 32 huanzisha kiini cha biti 64 kwenye baadhi ya Pi, kama Pi 4. Ukiandika `uname -m` utaona aarch64 na kudhani mfumo wote ni arm64, kisha kifurushi cha arm64 kinakataa kusakinishwa. Amri ya kuamini ni `dpkg --print-architecture`.

Laptopu za Windows zenye Snapdragon X, zilizoingia sokoni Juni 2024, zina betri inayokaa na zinaendesha programu nyingi za x64 kwa kuziiga. Lakini draiva haziigwi. Lazima ziwe za ARM64. Tatizo lilelile la skana ya zamani limerudi kwa mlango mwingine. Linux ya ARM nayo hukwama pale draiva inapotolewa tayari imekusanywa: draiva ya Canon yenyewe kwa printa ya LBP2900 ipo kwa prosesa za familia ya x86 tu. Kabla hujanunua, orodhesha kila kifaa cha ofisi na uangalie ukurasa wa mtengenezaji kama ARM64 imetajwa. Kama hata kimoja unachokitegemea kila siku hakimo, nunua x64. Kwa Mac hakuna cha kuchagua: zenye M1 ya Novemba 2020 na zilizofuata ni arm64, na Windows ya kuweka kwenye mashine pepe ndani yake iwe ya ARM64 pia.

Unapohama

Windows haipandishwi kutoka biti 32 hadi biti 64 juu kwa juu. Ni usakinishaji mpya, na diski inafutwa. Nakili mafaili kwenye diski ya nje, yafungue mawili matatu kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka, na pakua mapema draiva ya mtandao ya biti 64, la sivyo utabaki na mfumo mpya usioweza kwenda kutafuta draiva zake. Leseni haikuhitaji malipo mapya. Ufunguo wa toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, unakubalika kwa biti zote mbili.

Kwenye Debian, kama /home, folda la mafaili ya watumiaji, iko kwenye kizigeu chake (sehemu iliyotengwa ya diski), iache bila kuiumbiza, yaani bila kuifuta, na usakinishe amd64 juu ya kile kingine. Hati na picha zitakuwa mahali pake. Orodha ya programu ulizokuwa nazo ihifadhi kwanza kwa `apt-mark showmanual`, uiweke kwenye flashi, kisha baada ya mfumo mpya kuwaka uanze kuzirudisha moja moja, ukiacha zile ambazo hujazifungua muda mrefu.